Nilimwambia Baba Anyamaze

Baba alikuwa akiniita mama. Si kwa kudekeza, vile watu wa mjini wanaita wasichana wao mami. Alikuwa anamaanisha. Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake, na akishapewa jina heshima inamfuata, atake asitake. Nikiwa na miaka minne, nimekalia ndoo jikoni na makamasi yamefika mdomoni, mzee wa watu anaingia kutoka sokoni, anavua kofia, anasema, "Maitu, umeshindaje?" Maitu, kwa Kikuyu chetu, ni kusema "mama yangu". Shangazi naye, dada yake mkubwa, akija kututembelea Endarasha hakukosa pakiti ya sukari ya "mama", na huyo mama ni mimi. Nyanya mwenyewe alikuwa hai bado, amekaa pale kwa kiti chake akicheka bila meno. Tulikuwa mama wawili kwa nyumba moja na hakuna aliyeona shida isipokuwa mimi, kwa sababu mama yangu mzazi alinichapa kila nilipovunja kikombe. Nikiuliza ni mama gani huyo anachapwa, naambiwa niwache maswali mengi.

Kazi ya baba ilikuwa kuuza dawa: ya panya, ya kunguni, ya mende, na ya viroboto, ambayo mpaka leo nashuku ilikuwa ile ile ya kunguni ndani ya karatasi ya rangi nyingine. Alifunga spika kwenye baiskeli, betri ya gari nyuma, maiki mkononi, akazunguka siku za soko. Karatina, Sagana, Nanyuki, hata Doldol siku ya mnada wa mbuzi, mahali ambapo watu hawana ghala la mahindi wala stoo, na bado akauza. Shule zikifungwa nilienda naye. Mimi nilishika waya usikanyagwe, na nilisikia maneno yale mpaka nikawa nayaota.

"Panya wako anakula kuliko mtoto. Anashiba kuliko mtoto. Analala kwa godoro, wewe unalala kwa gunia, na asubuhi hata hakusalimii. Mpe hii. Akila jioni, kesho hatakuuliza chai."

Aliyasema yote bila kupumua, au mimi nilidhani hapumui. Siku moja tukiwa Sagana, tunakula mahindi ya kuchoma kando ya barabara, alinifunulia siri. "Maitu, usipumue katikati ya neno. Neno likikatika, mteja ameenda. Pumua wao wakicheka." Hilo ndilo somo la muziki nililopata maishani, na hakuna lingine. Siku hizi watu wa redio wakiniuliza nilijifunzia wapi kurap, naona wanangoja nitaje mtu wa ng'ambo. Nikiwaambia nilijifunza kwa panya wanacheka, wanadhani nawachezea, wanaenda kwa swali lingine.

Nyanya alifariki nikiwa darasa la saba. Kwa mazishi baba alinishika mkono muda wote, na sikujua kama ananifariji mimi au ananing'ang'ania. Baadaye akaendelea kuniita mama, lakini sasa hakukuwa na mwingine kwa kiti. Nikabaki peke yangu na hilo jina.

Sasa wacha nifike kwa ile siku.

Nilikuwa fomu tatu, shule ya bweni, sitaitaja. Maharagwe yalikuwa na wadudu. Si mmoja, si wawili. Jioni moja nikapanda juu ya benchi kwenye jumba la kulia, nikatoa mistari kuhusu wale wadudu, kila mmoja nikampa cheo: huyu ni naibu, huyu ni bwana stoo, huyu ni mgeni wa heshima. Wasichana wakapiga sahani zao. Kumbe kuna watu wakicheka sana wanapata ujasiri, kwa sababu kesho yake hakuna aliyekula, na kesho kutwa pia hakuna aliyekula, na siku ya tatu mimi nikaitwa ofisini nikaambiwa mimi ni mchochezi. Baba naye akaitwa.

Alikuja na koti lake la kanisa. Mwalimu mkuu aliongea kitambo kirefu sana, nidhamu, mfano mbaya, wasichana mia ngapi wameharibiwa na mmoja. Mimi nilikuwa nimetulia kabisa. Nilijua baba yuko. Mtu aliyewauzia wafugaji wa Doldol dawa ya panya angeshindwaje na mwalimu mmoja? Nilikuwa hata nafikiria ataanzia wapi, kama ataanza na utani au ataanza na unyenyekevu. Mwalimu mkuu akamaliza, akashusha miwani, akasema, "Sasa mzazi, uko na la kusema?"

Baba akaniangalia. Nami nikamwangalia. Akaangalia kofia yake. Akaniangalia tena.

Hakusema kitu.

Nakuambia hakusema kitu, hata "pole, mwalimu," hata "tutamkanya." Nikaambiwa niende nichukue sanduku. Akalibeba begani mpaka barabarani, tukafika Endarasha jioni, na neno lake la kwanza lilikuwa la kumwambia mama, "Amerudi." Nililia wiki nzima, na si kwa sababu ya shule. Nililia kwa sababu nilihisi nimeuzwa bure, na mwenye duka mwenyewe amesimama pale anaangalia.

Shangazi ndiye alinichukua. Alikuwa na kibanda cha nguo za mitumba Nyeri mjini, akaniweka pale nipange sweta. Nikiita wateja watu walikuwa wanasimama. Mmoja aliyesimama alikuwa kijana wa mtaa wa Majengo, Mwislamu mpole wa kuongea polepole, aliyekuwa na studio ndogo nyuma ya kinyozi, kuta zote amebandika trei za mayai ili sauti isitoroke. Alinunua sweta moja, akarudi kesho bila haja ya sweta. Akaniuliza kama najua kufoka juu ya biti. Nikamwambia mimi najua kufoka tu, hiyo biti atanionyesha.

Akasema nitafute jina. Wasichana wengine walikuwa wanajiita malkia wa hiki, simba jike wa kile. Mimi nikamwambia niko na jina tayari, jina la nyanya yangu, zima lote, na la baba yake pia. Nilidhani namheshimu. Nilidhani pia linasikika kali, na ni kweli linasikika kali. Kila wimbo nikaanza kwa kulitangaza: ni mimi fulani, binti wa fulani, mwenye nyumba hii, kaeni chini mnisikize. Hakuna mtu aliniuliza kitu. Shangazi mwenyewe alisikia nyimbo za kwanza akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema hata mama yake alikuwa anaongea hivyo.

Halafu nikarekodi ule wimbo. Miaka minne ilikuwa imepita tangu ile ofisi na sikuwa nimemwambia baba chochote. Tulikuwa tunaonana Krismasi, ananiita maitu, ananiuliza mvua ya Nyeri iko aje. Hasira ikanichacha ndani. Siku moja yule kijana akaweka biti nzito, ya polepole, na yote yakatoka mara moja, sikuandika mahali:

Sokoni wewe redio, nyumbani wewe ukuta,
nilikutafuta siku ile, neno moja sikupata.
Basi nyamaza, baba, nyamaza hivyo hivyo,
hata wakikuita jina, nyamaza hivyo hivyo.

Yule kijana, sasa ndiye prodyusa wangu, akazima mashine, akakaa. Akasema, "Huyu ni babako kweli ama ni mtu wa kutunga?" Nikamwambia ni wa kutunga. Uongo wangu wa kwanza kwa muziki.

Ukweli ni kwamba sielewi kilichofuata. Watu huniomba nieleze vile nilipanda, na mimi sikujiona nikipanda, nilijiona nikibebwa. Wimbo ukaingia kwa simu za watu. Kina mama wa Sagana wanaouza samaki wakajirekodi wakiuimba, kila mmoja anamtumia mume wake. Mwanasiasa mmoja akapigiwa huo wimbo na vijana wa mpinzani wake mpaka akashuka jukwaani. Waalimu walisema unawahusu waalimu. Pasta mmoja alisema unamhusu shetani. Nikaitwa Nanyuki, nikaitwa Karatina, nikaitwa Nairobi nikarudi, na kila mahali nikisema tu "basi," uwanja mzima unanimalizia. Watu walikuwa na furaha isiyo ya kawaida. Nilisimama pale juu nikiwa na nywele nyekundu na buti za soli ndefu, nikijiuliza wanamnyamazisha nani, na kama yule wangu bado yumo ndani ya huo wimbo au ameshatoka.

Baba hakusema lolote kuhusu wimbo. Nilingoja. Alijua, soko lote lilikuwa linaupiga. Krismasi alivua kofia akasema, "Maitu, umeshindaje?" Lakini alisema kwa sauti ya kukwaruza, nikafikiri ni baridi.

Kufikia Pasaka, sauti ilikuwa imeisha. Alipelekwa kwa daktari, daktari akaangalia koo, akasema ni vinundu kwenye nyuzi za sauti, ni kupiga kelele na vumbi kwa miaka mingi, apumzike, na hata akipumzika hakuna ahadi. Basi mzee akaandika kwa kadibodi "DAWA YA PANYA", akakaa nayo sokoni Karatina kimya. Mama aliniambia watu wanapita. Hawamwoni. Mtu aliyekuwa anasimamisha soko zima sasa anapitwa kama jiwe, na hakujua kazi nyingine.

Shangazi akaja studio. Hakuwa amewahi kuingia. Alikuja na kitambaa chake cha kanisa kichwani, akaketi kwa kiti cha kinyozi kwa sababu hakukuwa na kingine, akanigeukia.

"Kwa hiyo wimbo unajiita nani?"

"Jina langu, shangazi."

"Hilo jina ni la nani?"

"La nyanya," nikasema.

"Mama alimwambia kijana wake anyamaze. Mara ngapi?"

Nilijikuta nahesabu viitikio kwa vidole. "Kumi na mbili," nikasema.

"Na ati watu wote wakaitikia."

Nikamwambia daktari amesema ni vumbi. Akaniuliza kama vumbi limeanza mwaka huu. Nikamwambia nilikuwa naimba kama mtoto aliyekasirika, si kama mama. Hapo ndipo alikasirika kweli. "Ungejiita simba, ungejiita paka, ungekuwa mtoto mjeuri, akuchape yaishe. Lakini ulisimama ukataja jina la mama yetu, ukataja na la baba yake, ukasema wewe ndiye mwenye nyumba, halafu ukamwambia anyamaze. Laana ya mama haina pa kukatiwa rufaa. Na mama ameshazikwa. Nani atayarudisha hayo maneno, kama si wewe?"

Mimi ni mtu wa kisasa. Nina simu mbili. Nilicheka hapo hapo mbele yake, halafu usiku mzima sikulala. Nikasema ni upuzi. Nikasema na kama si upuzi? Nikatafuta habari za vinundu vya koo kwa simu mpaka macho yakauma. Nikampigia mama, nikijua yeye ataniokoa, kwa sababu mama ameokoka miaka mingi na hana mchezo na mambo ya mila. Akasema, "Sisi hayo tuliacha. Usisikize shangazi yako." Nikapumua. Halafu kabla ya kukata simu akasema, "Lakini ukipata nafasi, kuja tu. Hata ukikuja Alhamisi ni sawa."

Nikaenda Alhamisi. Baba alikuwa mlangoni anaota jua. Alivua kofia, midomo ikasema maitu, sauti haikuja. Sikuwa nimemwona tangu Krismasi.

Shangazi alikuwa ameshafika na mipango, ila mipango yenyewe hakuikumbuka sawasawa. Alijua ni mate, mzazi anatema mate kidogo kubariki, lakini hakuwa na hakika kama ni viganjani au kifuani, na wale wa kuulizwa walishakufa wote. Alitaka tufanye kote kote. Mama alikuwa anaosha vyombo na kuimba wimbo wa kanisa kwa nguvu, kuonyesha hayupo, lakini sufuria moja hiyo hiyo aliiosha mpaka tulipomaliza. Mimi nilisimama katikati ya nyumba na kucha zangu ndefu, na nywele zangu nyekundu, nikaambiwa mimi ndiye mkubwa hapa. Mdomo ukanikauka kabisa. Ikabidi nipewe chai kwanza.

Baba aliketi kwa stuli, akanyoosha mikono, viganja juu. Viganja vyake vilikuwa vimekauka na kupasuka kwa ile dawa. Nikatema kidogo hapo, nikagusa kifua chake, na nikasema yale niliyofundishwa kusema. "Sema, mwanangu. Maneno yangu nimeyarudisha. Sema."

Niliona aibu kumwita mwanangu. Na ndani ya ile aibu kuna kitu kilikubali, kwamba huyu ni mtoto wangu na mimi nimemfanyia vibaya. Sijui nilikuwa nani dakika ile. Ukiniuliza leo sitakujibu.

Hakuna kilichotokea. Kuku waliingia, shangazi akawafukuza. Baba alikohoa, akajaribu, ikatoka hewa tu. Na hapo, badala ya kuhuzunika, nilipandwa na hasira ile ya zamani, ya mtoto, hasira ya sanduku na koti la kanisa. Nikasahau mimi ni mama. Nikamuuliza, "Na wewe siku ile mbona hukusema? Mbona, baba? Ungesema hata neno moja."

Akaniita karibu kwa kidole. Nikaweka sikio kwa mdomo wake, kwa sababu kunong'ona ndiko kulikobaki.

"Nilikuwa nakungoja wewe."

Nikamwambia sikuelewa. Akavuta pumzi, akanong'ona tena, polepole, kila neno kwa kazi. Akasema akiwa darasa la nne mwalimu alimsingizia wizi wa chaki, na mama yake akatoka shambani na matope miguuni, akaingia ofisini, akaongea mpaka mwalimu akaomba msamaha. Yeye alisimama tu nyuma yake. Tangu hapo, ofisi ya mwalimu ilikuwa inammaliza miguu. "Nilipoingia kwa hiyo ofisi yenu, miguu ikaisha. Nikakuangalia. Nikasema, si mama yuko. Atasema."

"Nilikuwa na miaka kumi na saba, baba."

Akatikisa kichwa, kwamba anajua, kwamba alijua hata wakati ule. "Lakini ulikuwa umesimama vile vile," akanong'ona.

Nikatoka nje. Nikasimama kwa shamba la viazi, sijui muda gani, nikitaka kulia na kucheka na kupiga mtu. Miaka yote hiyo mimi nilidhani mtu mmoja alinyamaza ndani ya ile ofisi.

Jumamosi mchana nilikuwa na shoo Nanyuki, uwanjani. Baba alimwandikia mama kwa karatasi kwamba anataka kuja. Hakuwa amewahi kuniona stejini. Nikamwambia prodyusa wangu aondoe ule wimbo kwa orodha, na akauondoa bila kuniuliza sababu. Baba akawekwa kando ya steji, kwa kiti cha plastiki, koti la kanisa, kofia juu ya goti. Niliimba nyimbo zangu zingine zote. Watu walipiga makofi ya adabu, halafu wakaanza kuuitisha ule, kwanza upande mmoja, halafu uwanja mzima. Nikakataa kwa mkono. Nikawaambia nimeuacha. Walidhani nawachezea, wakacheka, wakaanza wenyewe bila biti.

Mimi niliziba maiki kwa kiganja na nikafunga mdomo. Waliimba kutoka mwanzo, na jina langu, na jina la baba yake nyanya, na sokoni wewe redio. Watoto walikuwa mabegani wanaimba. Niligeuka kumtafuta baba, nikiogopa nitamkuta ameenda.

Alikuwa amesimama. Alikuwa anaimba nao. Alikuwa ameshika maneno yote, hata ya ubeti wa pili ambayo mimi mwenyewe huyasahau, midomo inaenda sawa na watu. Walipofika "nyamaza, baba," alifungua mdomo kuliko wote, na hakuna sauti iliyotoka.